Glasi ya Chai Juu ya Boneti

Mume wangu aliamini kwamba injini nzuri haitikisi chai. Imani hiyo aliipata kwenye karakana ya shamba la katani alikoanzia kazi, kabla hatujajuana, na hakuna aliyewahi kumtoa humo, hata mimi niliyekuwa nikiipika hiyo chai. Gari likishatengenezwa, liliwashwa mbele ya karakana ya mradi wa maji pale Same, boneti likafungwa, kisha nikaitwa nilete glasi ya chai ya rangi iliyojazwa karibu na ukingo. Glasi iliwekwa juu ya boneti. Watu walisogea, wakainama, wakaikodolea macho ile chai kana kwamba itasema neno. Chai ikitulia, fundi alipewa mkono. Ikitikisika, boneti lilifunguliwa upya, na chai ilinywewa na yeyote aliyekuwa karibu.

Hiyo ilikuwa miaka ya kufunga mikanda, baada ya vita. Tulikuwa tumeshaishi ndani ya Ujamaa muda wa kutosha kuzijua nyimbo zake zote kwa moyo. Mimi nilifundisha shule ya msingi, mume wangu alikuwa fundi na dereva wa mradi, na watoto wetu walikuwa wakubwa kiasi cha kutumwa kupanga foleni ya sukari bila kusindikizwa. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya karakana. Kwa hiyo mambo ya magari niliyasikia nikitaka nisitake, wakati wa chakula hasa, maana mume wangu hakuwa mtu wa kuacha injini kazini.

Gari ninalolisema lililetwa na mtaalamu wa maji kutoka nchi za baridi. Lilikuwa jeupe, la chini, na kwenye barabara zetu lilikwaruza tumbo kila mahali. Mkataba wake ulipokwisha, mtaalamu alipanda ndege na gari akauachia mradi, labda kwa ukarimu, labda kwa sababu alishajua bei ya kulisafirisha. Mkuu wa mradi, ambaye sote tulimwita Mkubwa hata pale ambapo hakuwepo, alilipenda siku hiyo hiyo. Landrova ilikuwa ikimtikisa mgongo. Gari hili lilikuwa na viti vya kitambaa na, zaidi ya yote, lilikuwa na turbo.

"Turbo ni nini?" nilimuuliza mume wangu siku moja tukila.

"Mwalimu," alisema. Ndivyo alivyoniita alipotaka kunifundisha. "Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe, kwa kadiri ya pumzi zake. Hii inasukumiwa hewa kwa nguvu. Moshi unaotoka unazungusha pangaboi dogo, na pangaboi linashindilia hewa ndani."

"Kama mtoto anayenyweshwa uji kwa nguvu."

"Kama hivyo."

"Basi itatapika."

"Haitapiki ikiwa na plagi zake," alisema, akaendelea na ugali wake kwa utulivu wa mtu ambaye hajaulizwa plagi hizo ziko wapi.

Yeyote aliyekulia nyumba ya fundi anaijua plagi. Ni kile kidude cha chuma na kauri nyeupe kinachofungwa juu ya silinda. Ncha yake inachungulia ndani, na juu ya ncha hiyo kumejikunja kijino cha chuma. Kati ya ncha na kijino kuna mwanya, na humo ndimo cheche inamoruka na kuwasha petroli. Mwanya ukiwa mdogo, cheche ni fupi na dhaifu kidogo. Ukiwa mpana, cheche ni ndefu na nzuri, ila lazima iwe na nguvu ya kuuvuka. Mume wangu alisema ni sawa na mtu anayeruka mfereji. Alipenda pia kusema kwamba yeye alinioa kwa ajili ya mwanya wa meno yangu, kwa hiyo katika suala la mianya asibishiwe.

Kwa gari lenye turbo mambo mawili yanatakiwa, na haya aliyajua vizuri. Kwanza, plagi iwe ya aina inayopoteza joto upesi, ile mafundi wanayoiita plagi baridi, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa inawaka kwa ukali na plagi inayong'ang'ania joto inaweza kuunguza pistoni. Pili, mwanya uwe mdogo kuliko wa magari mengine. Hewa ikishindiliwa, cheche inapata tabu kuruka. Ukiuacha mwanya mpana, inazimwa kama kiberiti kwenye upepo. Kitabu cha gari kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ya mtaalamu, lakini tarakimu hazina lugha, na tarakimu ya mwanya ilikuwa ndogo kabisa. Yote hayo mume wangu aliyajua, nami naandika kwamba aliyajua ili msomaji asije akanionea huruma bure: sikuolewa na mjinga. Niliolewa na mtu mwenye glasi ya chai.

Tatizo la kwanza lilikuwa neno "kuchagua." Neno hilo lilikuwepo bado katika Kiswahili, tulilifundisha hata darasani, lakini dukani lilikuwa limepumzishwa. Plagi za mtaalamu zilipochoka, ikabaki moja tu inayofaa, mume wangu alikwenda kwenye bohari ya serikali kuomba nyingine.

"Plagi zipo," bwana bohari alimwambia.

"Za gari gani?"

"Za wilaya."

Zilikuwa zimeletwa kutoka mkoani kwenye kasha, na zilikuwa zimeshagawiwa kwa haki. Kila chombo cha moto cha umma kilipata plagi moja. Gari la silinda nne lilipata moja, pikipiki ya bwana shamba ilipata moja, na kwa kuwa hatukuwa nchi ya mabepari, trekta la kijiji lilipata moja pia. Trekta lile lilitumia dizeli na halikuwa na mahali pa kuchomeka plagi hata moja. Dereva wake aliipokea kwa heshima, akaitundika pamoja na funguo zake.

Mume wangu akaanza kuhangaika. Plagi ya trekta aliipata kwa kumpa dereva nusu mche wa sabuni. Sabuni hiyo ilikuwa yangu, nilikuwa nimeipangia foleni tangu alfajiri, na nilipoikosa nilisema maneno ambayo watoto walikuwa hawajawahi kuyasikia kwa mwalimu. Nyingine aliitoa Ndungu, kwenye pampu ya petroli iliyokuwa ikimwagilia mpunga kabla haijafa. Aliletewa pia za pikipiki kutoka Bendera, akazirudisha, kwa sababu shingo zake zilikuwa fupi na zisingefika ndani ya silinda. Mwisho wa mahangaiko yake alikuwa na nne mezani petu, zenye shingo sawa, zimeoshwa kwa petroli na kusuguliwa kwa msasa mpaka zikang'aa. Moja tu ilikuwa ya baridi, ile ya mtaalamu. Tatu zilikuwa za kushika joto, zimetengenezwa kwa ajili ya injini zisizokuwa na haraka.

"Si ulisema zinatakiwa za baridi?"

"Zinatakiwa. Zilizopo ni hizi."

Nchi nzima ilikuwa ikiendeshwa hivyo na ilikuwa ikienda, ingawa kwa gia ya chini.

Kosa lake lilikuja kwenye mwanya. Fundi ana kipimo cha vijibati vyembamba kinachoitwa fila. Unachagua kibati cha unene unaotaka, unakipitisha kati ya ncha na kijino, kikipita kwa kukwaruza kidogo basi umefika. Mume wangu alianza kwa tarakimu ya kitabu, akafunga plagi, akawasha, akaniita. Nikaleta chai. Chai ikatetemeka, viduara vikaanza katikati na kwenda ukingoni. Mkubwa, aliyekuwa amekuja kulitazama gari lake jipya, akaguna.

Akazitoa, akapanua mwanya kidogo. Chai ikatetemeka kidogo. Akapanua tena. Nilileta chai mara nyingi siku ile, na kila alipopanua injini ilizidi kunong'ona, mpaka mwishowe glasi ilitulia kama imewekwa juu ya meza ya kanisani. Mkubwa alimpa mkono. Makarani walitoka ofisini kuja kuona. Mmoja alisema injini imezimwa, akaambiwa aweke sikio.

"Lakini kitabu kimesema mwanya mdogo," nilimwambia mume wangu jioni.

"Kitabu kimeandikwa kwao, kwenye theluji."

"Na mlimani je?"

"Mlima ni barabara kama barabara nyingine, Mwalimu. Imeinama tu."

Huo mlima niliuuliza kwa sababu yangu. Mama yangu alikuwa huko juu, kwenye kijiji chetu kilicho mbele ya Mwembe, na alikuwa haoni. Ugonjwa ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, umekuja polepole kwa miaka. Mwanzo alilaumu moshi wa jikoni, baadaye taa ya koroboi, mwishowe hakulaumu kitu. Nilipopanda likizo, alinijua kwa sauti, nikampa sukari na chumvi na habari za wajukuu, akanisimulia habari za kijiji kwa undani kuliko wenye macho. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelala nikilia, nikijua kwamba ugonjwa wenyewe unatibika kwa upasuaji mdogo na kwamba daktari wa macho tulikuwa hatuna.

Ndipo ikatangazwa kwamba daktari wa macho anapita wilayani kwetu. Angekaa hospitali ya Same wiki moja, kisha angeendelea mikoa mingine, na lini angerudi hakuna aliyejua. Basi la mlimani lilikuwa limelala gereji likingoja matairi. Nilimtumia mama ujumbe kwamba vijana watamteremsha kwa machela, wambebe kwa zamu kama wanavyobebwa wagonjwa wote wa huko. Jibu lake lilikuja na mtu aliyekuja sokoni: machela ni ya maiti na ya mzazi aliyeshindwa kujifungua, na yeye si mmoja wa hao. Angeshuka kwa gari au asingeshuka. Mama yangu alikuwa hivyo, na ukaidi huo nimeurithi wote bila kupunguziwa.

Mume wangu alimwomba Mkubwa gari. Mkubwa alifikiri sana, akakubali, kwa sharti kwamba tukirudi tumletee ndizi zake na maharage yaliyokuwa yakimngoja kwa mtu wake huko juu. Siku aliyotupa ilikuwa ya mwisho ya wiki ya daktari. Kwa hiyo tungepanda asubuhi, tushuke mchana, tumfikishe mama kabla daktari hajakunja vyombo. Tukikosa siku ile, tumekosa.

Tuliondoka jua linachomoza. Mpaka Mwembe gari lilikwenda vizuri mno, kimya, viti vya kitambaa, mume wangu akiimba wimbo wa jeshini kwa sauti ya pili. Niliona aibu kidogo kwa maneno yangu yote. Tukaanza kupanda.

Kwenye mwinuko wa kwanza wenye maana alikanyaga mafuta. Nikasikia mluzi mwembamba mbele, turbo ikiamka. Mara injini ikakohoa, gari likaruka kwa kwikwi, likataka kuzima. Akaachia mafuta, likatulia, likanong'ona kama kule karakana. Akakanyaga tena, likakohoa tena. Kila alipoliomba nguvu lilikataa, na kila alipoacha kuliomba lilikuwa na adabu tele. Lilikuwa tayari kwa kazi yoyote isiyohitaji nguvu. Nimefanya kazi na watu wa aina hiyo, tena wengine walipandishwa vyeo.

Tulifika kwenye kona kali, juu kuna ukuta wa mawe wa shamba la kahawa, chini kuna korongo, na hapo likagoma kabisa. Nikateremka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mume wangu alifungua boneti akasimama akiitazama injini bila kuigusa.

"Ni cheche," alisema. "Hewa inaizima."

"Mwanya."

"Mwanya, ndiyo."

"Si kitabu kilisema?"

"Kilisema."

Fila alikuwa ameiacha karakana, kwa sababu kwa maoni yake vipimo vilikuwa vimeshapimwa. Akatafuta kwenye kisanduku cha vyombo akapata kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, ambao unene wake, alisema, hauko mbali na ule wa kitabu. Akaanza kuzifungua plagi zikiwa za moto, akijiunguza vidole na kuvipuliza. Kila plagi aliigonga kijino taratibu kwa jiwe, akaingiza wembe, akagonga tena. Ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa, na ile ya baridi ya mtaalamu ikakaa vizuri kuliko zote. Ya mwisho ilikuwa ile ya pampu ya Ndungu. Ilikuwa imefanya kazi miaka mingi kwenye maji ya mpunga na ndani yake kutu ilikuwa imeshakula. Aligonga mara moja tu, kijino kikakatika kikaangukia kwenye majani.

Tulikitafuta. Sijui kwa nini tulikitafuta, maana hata tungekipata kisingerudi. Kisha mume wangu akaichomeka plagi ile kibogoyo mahali pake ili tundu lisibaki wazi, akawasha. Injini ikanguruma kwa silinda tatu, ikatetemeka mwili mzima. Akatia gia. Gari likasogea urefu wa ng'ombe, likasimama. Mlima ule ulitaka silinda nne.

Hapo nilikasirika kwa kweli. Nilikaa juu ya jiwe nikamwambia, "Mama yangu atakufa haoni kwa sababu ya glasi ya chai." Sikupaza sauti. Nilitaka aumie, na niliona ameumia, wala sikumhurumia. Jua lilikuwa limeshapanda. Huko chini daktari alikuwa akiita wagonjwa wake, na mama juu alikuwa, bila shaka, ameshavaa.

Ndipo tukasikia pembe.

Kwetu Upare pembe ikilia asubuhi maana yake ni msaragambo: kazi ya wote, ya mfereji au barabara au bwawa la maji, na asiyetokea anatozwa faini, kwa kawaida ya dengelua, pombe yetu ya miwa. Msaragambo ulikuwepo kabla ya Wajerumani na kabla ya Waingereza. Ujamaa ulipokuja, maofisa walipanda mlima kutufundisha kufanya kazi pamoja. Wazee waliwasikiliza mpaka mwisho, wakawashukuru, wakarudi mferejini.

Walikuja wakishuka njiani na majembe mabegani, wanaume kwa wanawake, mbele yao mzee mwenye pembe. Walipotuona wakasimama.

"Shikamoo, mzee," mume wangu alisema.

"Marahaba. Limekufa?"

"Halijafa. Limechoka."

Mzee alilizunguka gari lote, akachungulia ndani, akapapasa kiti. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamtajia, nikamweleza tunakwenda kumchukua mama kwa ajili ya macho, na kwamba daktari anaondoka leo. Nilimwambia kwa Kipare. Alisikiliza akitazama chini. Aliwageukia watu wake.

"Mfereji umekuwepo tangu babu," alisema. "Utangoja mpaka adhuhuri. Leo msaragambo ni huu hapa. Asiyesukuma analeta debe la dengelua."

Majembe yakawekwa kando. Walilishika lile gari kila mahali panaposhikika, wengine wakafunga kamba mbele, na wimbo ukaanza, ule wa kuvutia magogo. Mimi nilisukuma pia, kwenye taa ya nyuma, nimevua viatu. Mume wangu peke yake alikaa ndani kushika usukani. Ni yeye tu ambaye hakusukuma, na hakuna aliyetoka jasho kama lake.

"Fundi!" kijana mmoja mwenye mabega alimwita dirishani. "Hii gari inakula nini?"

"Petroli."

"Na watu!"

Walicheka mpaka wimbo ukapotea, mzee akaurudisha. Kona moja baada ya nyingine, gari lile la kizungu lenye turbo lilipanda mlima kwa hewa iliyoshindiliwa vifuani mwa Wapare. Mara mbili mume wangu alijaribu kuwasaidia kwa injini, wakamwomba aizime kwa sababu moshi unawaumiza.

Mama alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, amevaa khanga mpya iliyokuwa sandukuni tangu sikumbuki lini, kifurushi mapajani. Aliusikia wimbo tangu mbali. Tulipofika uani na gari likasimama, aliinua uso.

"Watu wote hawa wamekuja kunisindikiza?"

Tulitazamana. Mume wangu alikuwa na mdomo wazi.

"Ndiyo, mama," mzee mwenye pembe alisema. "Kijiji kimekuja."

Haukuwa uongo. Mama aliitikia kwa kichwa, akainuka, akawaaga mmoja mmoja kwa sauti zao, kwa madaha ambayo hata mke wa Mkubwa hakuwa nayo. Kwa desturi, mwenye kazi ndiye anayewakirimu watu wa msaragambo, na nyumbani kwa mama hapakuwa na kitu. Lakini mtu wa Mkubwa alikuwa jirani, ameshatoa mikungu yake tayari kupakiwa, na mingi ilikuwa imeiva. Sitasema nani alikata mkungu wa kwanza. Nilimsikia mzee akimweleza yule mtu wa Mkubwa, kwa upole sana, kwamba tumefundishwa na serikali kula pamoja.

Tulishuka kwa gia ya kwanza, na mteremko ukafanya kazi ya silinda iliyokosekana. Injini ilikoroma na kuruka, na vitasa vya milango viliimba. Mama alikaa mbele, mikono juu ya kifurushi, akisikiliza.

"Gari lenu lina kifua," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema mume wangu.

"Kipeni tangawizi."

"Tutakipa, mama."

Lilikuwa neno lake la tatu tangu tulipoondoka. Nilimtazama kisogo, shati limemlowa, vidole vina malengelenge, nikaona hasira yangu imeishia njiani bila kuniaga.

Daktari alikuwa akifunga masanduku. Muuguzi alisema zamu imekwisha. Sikumbuki nilisema nini, lakini nilikuwa nimesukuma gari mlimani peku na nadhani nilionekana hivyo. Daktari alitoka kutazama kelele ni za nini, akamsogeza mama kwenye mwanga, akamfungua jicho kwa kidole gumba. Akasema masanduku yafunguliwe, na kwamba muda uliobaki unatosha jicho moja.

Alifungwa bendeji. Asubuhi yake daktari alikuwa ameshaondoka, na muuguzi ndiye aliyekuja kuifungua. Mume wangu alisimama miguuni mwa kitanda, mimi kichwani. Muuguzi alifungua polepole, akamfuta, akamwambia afumbue.

Mama alifumbua. Alitazama ukuta kwanza, akatazama dirisha. Kisha akamwona mume wangu, ambaye yeye alikuwa hajawahi kumwona sawasawa hata siku ya harusi yetu, maana macho yalikuwa yameshaanza ukungu.

"Ndiye huyu?" alisema. "Kwa sauti ile nilidhani ni mrefu."

Mume wangu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Mama akaendelea kuzungusha jicho chumbani. Lilinipitia mimi, likamwendea muuguzi, likarudi, likanipitia tena.

"Na binti yangu yuko wapi?" akauliza.

"Niko hapa, mama," nilisema.

Aligeuka kuifuata sauti. Akanitazama muda mrefu, kuanzia kichwani, na sikuwa nimejifunga kilemba.

"Umeota mvi," alisema, "na hukuniambia."

Miaka yote ile nilimpandishia sukari, na chumvi, na habari za kila mtu. Hiyo sikuwahi kumpelekea.